Medistim MiraQ: maoni yangu kuhusu mashine ya kupima mtiririko wa damu kwenye baipasi ya moyo

Wadau wa tieta (chumba cha operesheni), na nyie wenye mzee au ndugu anayesubiri baipasi, leo naandika kuhusu mashine moja ambayo mi naiheshimu sana ila kwa Kiswahili sijaona mtu kaieleza vizuri. Mi ni nesi wa tieta, Mtanzania, kwa sasa nipo Uingereza kwenye hospitali inayofanya operesheni za moyo, kazi yangu ni kuskrabu, yani nasimama pembeni ya dokta namkabidhi vifaa, na probu ya hii mashine, kile kidude cha kupimia kinachovishwa kwenye mshipa, ndo kifaa cha mwisho cha maana ninachompa kabla hatujafunga kifua. Jibu langu fupi kwa wanaouliza kama inafaa: inafaa, tena sana, ila ukinunua mashine bila kununua probu za kutosha na bila kufundisha watu kusoma wimbi la damu kwenye skrini basi umenunua skrini tu.

Kwanza tuelewane inapima nini. Kwenye baipasi dokta anachukua mshipa sehemu nyingine ya mwili, mguuni au mkononi au ule wa ndani ya kifua upande wa kushoto ambao sote tunauita LIMA, anaushona kwenye mshipa wa moyo mbele ya pale palipoziba ili damu ipite njia mpya. Mshipa wa moyo wenyewe ni mwembamba, milimita moja na nusu, mbili, na uzi wa kushonea ni mwembamba kuliko unywele, sasa ukimaliza kushona swali ni moja tu, damu inapita au haipiti? Zamani jibu lilikuwa kidole. Dokta anagusa grafti, yani ule mshipa alioushona, akisikia mapigo anaridhika. Shida ya kidole ni kwamba hata grafti iliyoziba kule mwisho inapiga vizuri tu, kwa sababu presha inasukuma kuta za mshipa hata kama damu haina pa kwenda. Mapigo sio mtiririko, na hilo ndo jambo ambalo hii mashine imekuja kulitatua. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nayo inaweza ikakaa kimya mpaka mgonjwa afike ICU ndo mambo yaanze kuharibika.

Kupima flo, yani mtiririko wa damu, sio jambo la juzi. Kolesov alishona LIMA kwenye mshipa wa moyo kule Leningrad mwaka 1964, Favaloro wa Argentina akaipa baipasi ya mshipa wa mguu nguvu pale Cleveland mwaka 1967, na miaka ile ile walikuwepo madokta waliokuwa wakipima damu kwa mita za sumaku umeme, ila zile zilikuwa na usumbufu, lazima uzipe sifuri, lazima zibane mshipa vizuri, namba zinayumba. Teknolojia ya sasa ni ya ultrasaundi, na makampuni mawili ndo yanatajwa sana, Transonic ya Ithaca, New York, ambayo ilitoka kwenye kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Cornell, na Medistim ya Oslo, Norwei. Sisi tunatumia ya Medistim, zamani ilikuwa VeriQ, sasa MiraQ, kwahiyo maoni yangu ni ya hiyo.

Inavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Probu ina kichwa kidogo chenye mdomo kama ndoano, unauvisha mshipa ndani ya ule mdomo. Upande mmoja kuna vichwa viwili vya sauti, upande wa pili kuna kibati cha kuakisi. Kichwa kimoja kinatuma sauti kuelekea damu inakoenda, kingine kinatuma kinyume chake, na kama vile ngalawa inayofuata mkondo inavyowahi kufika kuliko inayoupanda, ile sauti inayokwenda na damu inafika mapema kidogo. Tofauti ya muda ndo inageuzwa kuwa mililita kwa dakika. Uzuri wake ni kwamba hata ukishika probu imeinama kidogo namba haiharibiki kama zinavyoharibika Dopla za kawaida, hauhitaji kujua upana wa mshipa, hauhitaji kukalibreti chochote katikati ya operesheni. Unachomeka, unavisha, unasoma.

Sasa kwenye skrini. Kuna wimbi la damu linaenda sambamba na ECG, alafu pembeni kuna namba. Ya kwanza ni flo ya wastani. Ya pili ni PI (pulsatility index), inayoonesha flo inayumba kiasi gani, ambayo unachukua flo ya juu kabisa unatoa ya chini kabisa unagawa kwa wastani. Mfano, kilele 60, chini 10, wastani 25, PI ni 2, safi kabisa. Lakini kilele 45, chini hasi 15, wastani 6, PI inakuwa 10, na hapo kila mtu tieta anainua kichwa, kwa sababu maana yake damu inaenda na kurudi, inagonga ukuta mahali fulani. Ya tatu ni asilimia ya damu inayoingia wakati moyo umelegea, diastoli. Hii inawachanganya wengi mwanzoni maana sehemu nyingine za mwili damu inaingia zaidi moyo ukisukuma, ila moyo wenyewe ukijikaza unabana mishipa yake, haswa upande wa kushoto wenye nyama nene, kwahiyo damu yake inaingia ukilegea. Grafti nzuri ya kushoto unataka uone zaidi ya nusu ya damu iko diastoli. Kulia nyama ni nyembamba kwahiyo sistoli, yani moyo ukisukuma, inachukua sehemu kubwa zaidi, usiipime grafti ya kulia kwa macho ya kushoto.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2010 uliandika wazi kwamba flo chini ya mililita 20 kwa dakika pamoja na PI zaidi ya 5 ni dalili ya grafti yenye kasoro ya kiufundi, irekebishwe kabla mgonjwa hajatoka tieta. Hizo namba mbili kila mtu anazo kichwani. Ila wanaosimama na namba peke yake bila kuangalia wimbi wanaweza wakaharibu grafti nzima, nitalifikia hilo.

Niwape kimoja nilichokiona kwa karibu. Mgonjwa ana grafti tatu, LIMA imeenda kwenye LAD, ule mshipa mkubwa wa mbele ambao ndo roho ya operesheni yote. Moyo umeshaanza kupiga wenyewe, pampu inayoshika kazi ya moyo na mapafu tumeshatoka, rangi ya moyo nzuri, ECG imetulia, eko ya kooni (ultrasaundi ya moyo) haioneshi ukuta wowote wa moyo uliolala. Dokta kagusa LIMA kwa kidole, inapiga. Nikampa probu ya milimita 3 yenye jeli, akavisha, skrini ikaandika 7. PI 8 na pointi. Wimbi limesimama vilele virefu vyembamba wakati wa sistoli alafu linazama chini ya sifuri, diastoli karibu hakuna kitu. Hakuna aliyezungumza kwa sekunde kadhaa. Tukaangalia mguso wa probu, ulikuwa mzuri, mtu wa usingizi akasema presha ya wastani ni 75, kwahiyo sio presha, sio probu. Dokta akaifuata LIMA kwa macho polepole kutoka juu inapotoka mpaka chini ilipoungwa, na pale inapopita pembeni ya pafu akakuta imejisokota nusu mzunguko. Ukiangalia juu juu huoni, imefunikwa na mafuta yake. Akaachia nyuzi mbili zilizokuwa zinaishikilia kwenye moyo, akainyoosha, akairudishia, tukampa muda kidogo, tukapima tena: 31, PI 2.2, wimbi limejaa diastoli. Hakuna kushona upya, hakuna kurudi kwenye pampu. Sasa fikiria huyu mtu angefungwa kifua na ile 7 yake, usiku ule ICU ingekuwaje? Mi mpaka leo nikimpa dokta probu naikumbuka ile LIMA.

Na upande wa pili, siku nyingine ilikuwa grafti ya kulia, mshipa wa mguu, PI iko juu, flo ndogo, mdogo wetu mmoja dokta wa mafunzo akataka waifungue washone upya. Bosi akamwambia subiri. Mshipa wa asili wa yule mgonjwa upande wa kulia haukuwa umeziba sana, kwahiyo damu ilikuwa inakuja kutoka njia mbili, ya zamani na mpya, zinashindana. Akaukaza mshipa wa asili taratibu kwa kitanzi laini, muda mfupi tu, flo kwenye grafti ikapanda pale pale na PI ikashuka. Maana yake maungio yapo wazi, hayana shida, grafti inashindana tu na mshipa ambao bado unafanya kazi. Wakaiacha. Kama wangefuata namba peke yake wangeifungua grafti nzima kwa bure, na kila ukifungua maungio kwenye mshipa wa milimita mbili unaongeza hatari. Mashine haiwezi kukwambia hili. Inakwambia damu inapita kiasi gani, sababu utaitafuta mwenyewe: kusokotwa, maungio yamebana, mshipa umejikunyata kwa spazimu ukahitaji papaverini ya kuulegeza, presha iko chini, au ushindani.

Sasa nizungumze na manesi wenzangu, maana ubora wa kipimo nusu yake uko mikononi mwetu. Sauti ya ultrasaundi haipendi hewa. Jeli sterilia au maji ya chumvi lazima yajae ndani ya mdomo wa probu, ukiacha kipovu namba inacheza. Kwenye skrini kuna kipimo cha ubora wa mguso, wanakiita ACI, ikiwa chini ya 50 msiamini namba, ongeza jeli, rekebisha probu, pima tena. LIMA ikiwa imechukuliwa na nyama zake zote mwombe dokta asafishe sehemu fupi ya kuvishia probu, mafuta na nyama vinaharibu mguso. Saizi ndo kitu ambacho naona watu wanakosea kila mahali: probu ndogo inaunyonga mshipa na kukupa flo ya uongo, kubwa mshipa unaelea ndani. Mshipa ujaze ule mdomo bila kubanwa. Kwahiyo mezani niwe nazo zaidi ya saizi moja, LIMA mara nyingi inakaa kwenye 2 au 3, mshipa wa mguu unataka 4 au zaidi.

Na presha iandikwe. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu naona ripoti nyingi zina flo tu. Mililita 18 kwenye presha ya wastani ya 50 sio sawa na mililita 18 kwenye 80. Sisi tunamwomba mtu wa usingizi aipandishe kwanza ifike karibu na 80 alafu ndo tunapima, na tunapima zaidi ya mara moja, moja moyo ukishaanza kupiga na nyingine baada ya protamini (dawa ya kuirudisha damu kwenye hali ya kuganda) kabla waya za kifua hazijaingia, kwa sababu grafti iliyokuwa imenyooka moyo ukiwa mtupu inaweza ikajikunja moyo ukijaa.

MiraQ yenyewe kama mashine ni nzuri kutumia. Skrini ya kugusa, mawimbi makubwa ya kuonekana hata dokta akiwa upande wa pili wa meza, unaandika jina la grafti, unahifadhi, ripoti inatoka imekamilika na mawimbi yake. Hiyo ripoti ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyoichukulia, mgonjwa akirudi miezi sita baadaye na maumivu ya kifua kuna mahali pa kuanzia. Alafu kuna ile probu ya picha, ya megahezi 15, unaiweka moja kwa moja juu ya moyo unaona maungio kwa ndani, na kabla ya kuweka klempu (kibanio) unaweza ukaipitisha kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, kutafuta sehemu zenye uchafu mgumu, zile ambazo ukizibana vipande vinakatika vinapanda kwenye ubongo na mgonjwa anaamka na stroku. Mi hii sehemu ya aota naiona ina thamani ya peke yake. Ila kusoma picha kunataka mazoezi marefu kuliko kusoma flo, na inaongeza dakika, na sio kila dokta ana hamu nayo.

Ushahidi upo? Upo. NICE, taasisi ya Uingereza inayotathmini tiba na vifaa, iliipitisha VeriQ Novemba 2011 na ikakadiria kwamba ukilinganisha na kukagua kwa macho na mkono, hospitali inaokoa kama pauni 115 kwa mgonjwa, kwa sababu ya matatizo yanayoepukwa. Alafu ukaja utafiti wa REQUEST uliochapishwa 2020, wagonjwa 1,016 kwenye vituo saba, flo pamoja na picha, na kwa mgonjwa mmoja kati ya wanne dokta alibadilisha kitu kwenye mpango wake wa operesheni kwa sababu ya alichokiona. Robo nzima! Lakini tuseme ukweli wote, ule utafiti ulifadhiliwa na Medistim wenyewe, na kubadilisha mpango sio sawa na kuthibitisha kwamba watu wameishi zaidi. Mwongozo wa Ulaya wa 2018 nao umeiweka kwenye daraja la mambo yanayopaswa kufikiriwa, sio ya lazima. Mi kwa nilichokiona kwa macho yangu ningeifanya lazima, ila naelewa kwanini hawajafika huko.

Kingine msiipe mashine sifa ambayo sio yake. Inakupa picha ya dakika ile. Jaribio la PREVENT IV kule Marekani liliwapiga wagonjwa angio (picha ya mishipa ya moyo) mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya operesheni, na asilimia 46 walikuwa na angalau grafti moja ya mshipa wa mguu iliyoshindwa. Nyingi ya hizo ukizipima siku ya operesheni ungekuta flo nzuri tu. Mshipa wa mguu unazeeka vibaya ukiwekwa kwenye presha ya ateri, na hapo kazi ni ya aspirini, ya statini za kushusha kolesteroli, ya kuacha sigara, ya sukari kudhibitiwa. Mashine inakamata kosa la mkono na la mshipa kukaa vibaya. Hilo tu, na hilo tu linatosha kunifanya niitake kwenye kila tieta ya moyo.

Tuje kwenye hela, maana hapa ndo malalamiko yangu yapo. Mashine ni ya gharama, ila mashine unainunua mara moja. Probu ndo zinakula. Kila moja ina idadi ya matumizi iliyowekwa, baada ya hapo inatupwa, na kebo zake ni laini, ukiikunja vibaya kwenye trei ya kusterilaizi au mtu akiweka koleo juu yake imekufa kabla ya muda. Kuna hospitali niliyowahi kufanya kazi, siitaji, mashine ilikuwepo imefunikwa kitambaa kizuri kwenye kona kwa sababu probu ziliisha na oda mpya haijapitishwa, na madokta wakarudi kwenye kidole kama vile hakuna kilichobadilika. Iliniuma sana, kwa sababu mgonjwa aliyelala pale hajui kwamba kifaa cha kumkagua kipo mita mbili kutoka kichwani kwake na hakitumiki.

Kwa ndugu wenye mgonjwa, iwe anafanyiwa Dar pale JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete), Nairobi, au mmempeleka India kama wengi wetu tulivyozoea, una haki ya kumuuliza dokta kwa adabu tu: "Dokta, samahani, mkimaliza kushona mnapima mtiririko wa damu kwenye kila grafti kabla ya kufunga kifua? Na tunaweza kupata zile namba kwenye ripoti?" Dokta mzuri hakasiriki na hilo swali. Akikwambia hawana mashine sio kwamba operesheni ni mbaya, madokta wazuri wamefanya baipasi nyingi bila hii kitu na wagonjwa wanadunda, ila akikwambia wanayo basi omba ripoti muitunze pamoja na karatasi za dawa.

Na kwa wanaopanga bajeti za tieta huko nyumbani: kama hela haitoshi anzeni na flo peke yake, ile probu ya picha itakuja baadaye. Chukueni probu za milimita 3 na 4 zaidi ya moja kwa kila saizi, na ya 2 angalau moja, maana siku mbili za operesheni zikifuatana hamtasubiri iliyoko kwenye sterilaizi. Kwenye mkataba andikeni mafunzo ya manesi na mtu wa pampu pia, sio dokta peke yake. Na probu za mwaka wa pili ziwe kwenye bajeti siku ile ile mnayosaini mashine.